"Kutii", "kunyenyekea" au "kusalimu amri"?

Mkazi wa Nkuhungu: Wakuu, naandika tangazo la mtaa hapa Dodoma kuhusu usafi. Niseme wakazi "wasalimu amri" ya mtendaji au "waitii"? Na kutendwa kwake ni "itiwe" au "itiiwe"?

Mhariri Kisasa: Andika "waitii". Kusalimu amri ni kushindwa: Japani ilisalimu amri mwaka 1945. Ukiliweka neno hilo kwenye tangazo la kufagia mitaro, mtaa mzima utadhani kuna vita! Kutii ni kufuata agizo la mwenye mamlaka, moyo ukubali usikubali. Kunyenyekea ni kujishusha, na mtu anaweza kutii bila hata chembe ya unyenyekevu.

Halafu hesabu irabu. "Itiwe" inatoka kwenye kutia: chumvi itiwe kwenye mboga. Ya kutii ni "itiiwe", i mbili baada ya t. Kosa baya zaidi liko kwenye "kutiisha", yaani kumlazimisha mtu awe chini yako. I moja ikidondoka unabaki na "kutisha". "Amewatiisha" na "amewatisha" si habari moja, na kompyuta haitakusahihisha, maana yote mawili ni maneno halali.

Karani Chang'ombe: Naongezea, usiandike "watii kwa agizo". Kitenzi hiki hakihitaji "kwa": watii agizo, wamtii mtendaji. Nomino ni utii au utiifu, zote sawa. Binafsi kwenye barua napenda utii, ni fupi.

Mkazi wa Nkuhungu: Shukrani. Nilikuwa nimeshaandika "itiwe" mara tatu.