Ipsum imechemsha mara moja, gereji inadai ovaholi (kufungua na kufufua injini nzima) ya shilingi 6,254,000, na hakuna aliyepima kitu

Wakuu wa spana, karatasi za namna hii zimezidi Kampala, tuzichambue hadharani. Gari ni Toyota Ipsum 240, injini 2AZ-FE ya lita 2.4. Limechemsha kwenye foleni, likavutwa hadi gereji, kesho yake kotesheni (makadirio ya bei) ikatoka: spea za ovaholi 2,800,000, ufundi 1,500,000, karakana ya mashine 600,000, oili na vinginevyo 400,000, halafu VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18% juu yake. Jumla 6,254,000. Mhuri upo, sahihi ipo, kipimo hata kimoja hakipo.

Tusianze kubishana kama milioni sita ni nyingi. Bei haijadiliwi kabla ugonjwa haujajulikana. Gari likichemsha, fundi mwenye akili anaanza na vitu vya bei rahisi: feni inawaka? Rilei yake (swichi ya umeme) nzima? Rejeta imeziba tope? Kifuniko cha rejeta kinashika presha? Themostati (valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) inafunguka? Hii ya 2AZ hufunguka kwenye nyuzijoto 80 na kidogo. Itie kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto, utaona kwa macho yako. Hapo hujagusa boliti hata moja ya hedi, kichwa cha injini. (Na wale wanaong'oa themostati na kuitupa wakidai "huku kwetu kuna joto", hao ndio wanaoandaa hizi kotesheni. Injini isiyofikia joto lake inakula petroli na kuchafua oili, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba vilevile.)

Kama hayo yote ni mazima, sasa tunaishuku gasketi ya hedi (kiziba kati ya hedi na bloku), na gasketi ina vipimo vyake. Pampu ya presha inafungwa kwenye rejeta injini ikiwa baridi, inajazwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, kisha unaiacha robo saa. Mshale ukishuka na hakuna tone nje wala kabini, maji yanaingia ndani ya injini. Ipo pia dawa ya bluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta injini ikinguruma: ikigeuka njano, moshi wa silinda umeingia kwenye maji. Halafu kompresheni (mgandamizo ndani ya kila silinda): plagi zote nne nje, injekta zimekatwa umeme, betri imejaa, mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho. Tofauti ya silinda na silinda isizidi kama psi 15 (psi ni kipimo cha presha). Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika kati yake. Ikiwa chini ni moja tu, mwagia kijiko kidogo cha oili upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tazama valvu au gasketi. Hapo ndipo neno "ovaholi" linaweza kuanza kutajwa, na si mapema. Rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake haitoshi, maana asubuhi za baridi za Kabale gari la safari fupi huonyesha hivyo likiwa zima kabisa.

Sasa tazameni hizo "spea za ovaholi", 2,800,000 katika mstari mmoja. Nilipodai mchanganuo nikaletewa hivi: mkanda wa taiming, sili za valvu 24, pistoni seti, ringi seti, beringi za krenki, gasketi kiti, oili lita 8. Mkanda wa taiming! 2AZ ina cheni. Ni silinda nne, valvu 16, kwa hiyo sili ni 16. Hizo nane za ziada zinavishwa wapi? Pistoni mpya zinauzwa bila mtu kupima silinda, wakati kipenyo cha kiwandani ni mm 88.5 na boa geji (kipimo cha kipenyo cha silinda) inamaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Mwandishi wa karatasi hii hajui injini iliyo mbele yake, au anajua na anategemea mwenye gari asijue.

Mnaoshika hizi injini kila siku, nisahihisheni panapostahili.

Jibu: fundi wa hedi, Ndeeba

Ssebo (bwana), una haki kwa mengi, lakini lita 8 usizikatae haraka. Injini hii inashika kama lita 4. Maji yakiwa yameingia kwenye oili, unajaza mara ya kwanza, unawasha kidogo, unamwaga yote na filta, ndipo unajaza ya kudumu. Ila hilo liandikwe.

Ulichoacha ndicho kikubwa kwenye 2AZ. Bloku yake ni ya alumini, na injini za miaka ya kwanza zina tabia ya nyuzi za boliti za hedi (ile mikunjo ya tundu inayoshika boliti) kung'oka ndani ya bloku, hasa upande wa nyuma unaotazama kabini. Boliti inazunguka bila kukaza, hedi inainuka, maji yanavuja. Ukiweka gasketi mpya juu ya nyuzi zilizokufa, gari litarudi likichemsha vilevile. Dawa yake ni kutoboa na kuvisha nyuzi za chuma, na kazi hiyo inataka mwongozo wa kutobolea ili tundu lisimame wima. Drili ya mkononi kwa kukadiria macho inaua bloku. Muulize fundi kabla hajafungua: nyuzi zikitoka, tundu moja ni shilingi ngapi? Boliti ziko kumi. Asiye na jibu hajawahi kuifungua injini hii.

Na hiyo 600,000 ya karakana ivunjwe: kupima ufa kwa presha, kupima upindo, kusaga uso wa hedi, kukalisha valvu. Kikomo cha upindo upande wa bloku ni mm 0.05, kinapimwa kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Hedi ikiwa ndani ya kikomo haisagwi, kwa sababu kila ukisaga unapandisha kompresheni. Wakati wa kufunga, boliti zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje, mwisho ziongezwe mzunguko wa digrii 90. Ukimwona anakaza kwa bomba refu na kifua, chukua ufunguo wa gari.

Jibu: mwenye duka la spea

Kwa fedha hizo watakuambia pia uchukue injini nzima ya Japani kutoka Kisekka, soko la spea la Kampala. Sawa, lakini ipimwe kompresheni mbele yako, na iandikwe kama inakuja na altaneta, stata na koili, au ni mwili mtupu. Namba ya injini inabadilika, kwa hiyo logibuku nayo ibadilishwe, usije ukakwama siku ya kuuza. Injini ya zamani ni yako. Ni alumini na ina bei. Wengi huiacha gereji bila kuuliza.

Idhini itolewe kwa hatua. Kwanza saini kufungua hedi tu, bei ya kufungua ikiwa imeandikwa. Vipimo vikitoka ndipo kotesheni ya pili iandikwe, kila spea na namba yake, jenuini au ya kuiga, na zilizong'olewa zirudi kwenye buti.

Halafu hiyo VAT, 954,000. Waulize TIN (namba ya mlipakodi) na kama wanatoa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, yenye namba ya URA na ile picha ya kuskani. Gereji ambayo haijasajiliwa kwa VAT hairuhusiwi kuitoza. Kama hawana, 954,000 itoke kwenye hesabu kabla hamjaanza kuongea ufundi.