Wakala wa forodha kanitangazia soya sosi kama mafuta ya kula, bili ya bandari kavu nalipa mimi!

Wakuu, heshima kwenu. Wiki nzima nimekaa kimya nisije nikaandika matusi, ila leo nimeletewa bili ya stoo na nimeshindwa kuvumilia.

Nauza vikolezo Kariakoo. Wateja wangu ni wenye migahawa na vijana wa chipsi. Nimeagiza soya sosi kutoka Guangzhou, madumu 240 ya lita tano tano, kwenye kontena la kuchangia. Invoisi inasema sosi, pakingi listi inasema sosi, na picha ya dumu nilimtumia wakala WhatsApp. Yeye kaona neno "soya", kaona lita, kajaza namba ya bidhaa 1507 kwenye TANSAD, ile fomu ya kutangaza mzigo forodha. Mafuta ya soya!

Jamani, kwenye jedwali la ushuru 1507 iko sura ya 15, huko kwenye mafuta. Soya sosi iko sura ya 21, namba 2103, na wala haitafutwi kwa tochi, maana mstari wa kwanza kabisa chini yake, 2103.10, ni wa kwake peke yake. Tomato sosi ni 2103.20, haradali 2103.30, na ukileta sosi ya chaza au ya samaki unaangukia 2103.90, lile kapu la "nyinginezo". Tarakimu hizo sita ni zilezile China na hapa. Jedwali letu la Afrika Mashariki linaongeza mbili tu mwishoni. Na muuzaji wangu alishaiandika kwenye invoisi! Kazi ilikuwa kunakili tu.

Nikamfuata ofisini. Ananiambia, "Kaka, soya si soya tu?" Nikaomba glasi ya maji, nikafungua sampuli, nikamimina. Ikashuka mpaka chini, nikakoroga kidogo, maji yote yakawa kama chai ya rangi. Mafuta yangeelea, si ndiyo? Hii ni soya, ngano, chumvi na maji, vimechachushwa. Binti wa mapokezi akacheka. Jamaa ghafla akawa na simu ya kupokea.

Forodha siwalaumu. Karatasi moja inasema mafuta ya kula, ambayo kila bajeti ushuru wake ni mjadala, nyingine inasema sosi. Hata ningekuwa mimi ningezuia mzigo. Siku 19 umekaa, marekebisho yanasubiri majibu, na stoo inahesabu kila siku, Jumapili imo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamhesabu mwenye mzigo kana kwamba ametangaza mwenyewe. Ukishampa wakala idhini, alichojaza ni chako. Kwa hiyo faini ikija inakuja kwa jina langu, na ada yake alishachukua mapema, taslimu.

Nimemwomba angalau tugawane bili ya stoo nusu kwa nusu. Jana usiku kanijibu: "Bosi tutaongea mzigo ukitoka."

Aliyewahi kumbana wakala mpaka akalipa anieleze alipitia wapi, na kama aliandikishana naye mkataba kabla. Mimi nilikuwa na risiti ya ada tu na zile meseji za WhatsApp. Na wale mtakaokuja kuniambia "ungejaza mwenyewe", naomba mpite kimya.