Kuhamisha hifadhidata kutoka PostgreSQL 9.6 kwenda 17: ninakili faili au nipakie upya?

Mtunza Seva
Habari zenu, wakuu. Ninatunza hifadhidata ya chama cha akiba na mikopo, yenye ukubwa wa gigabaiti 60 hivi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiendeshwa na PostgreSQL 9.6 (programu ya kutunza hifadhidata) juu ya mfumo endeshi wa Debian 9. Toleo hilo liliacha kupokea marekebisho ya usalama tangu Novemba 2021, na sasa tumepata seva mpya yenye Debian 13 na PostgreSQL 17. Nimekusudia kunakili saraka yote ya data kwenda seva mpya, kisha niendeshe pg_upgrade, zana ya kupandisha data hadi toleo jipya, usiku wa Jumamosi. Je, naweza kuruka moja kwa moja hadi 17, au ni lazima nipitie matoleo ya katikati?

Fundi wa Zamani
Kuruka unaweza, kwa kuwa pg_upgrade na pg_dump (zana ya kutoa data ili ipakiwe upya) za toleo la 17 zinasoma data kuanzia toleo la 9.2. Kinachonitia shaka ni huko kunakili saraka. Kuanzia toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, lililoingia na Debian 10, kanuni za kupanga maandishi zilibadilika: katika mpangilio wa en_US (Kiingereza cha Marekani), zamani «11» ilitangulia «1-1», na sasa «1-1» ndiyo inayotangulia. Kwa kuwa pg_upgrade huhamisha faharasa (orodha zilizopangwa za kutafutia data haraka) jinsi zilivyo, faharasa za maandishi zitabaki zimepangwa kwa kanuni za zamani huku seva ikizitafuta kwa kanuni mpya. Seva itawaka bila kulalamika, lakini mwanachama aliyemo atatafutwa asionekane, na namba isiyotakiwa kujirudia inaweza kuandikwa mara mbili.

Ushauri wangu ni kutumia pg_dump ya toleo la 17, ukiiendesha kutoka seva mpya, kwa sababu faharasa zote hujengwa upya wakati wa kupakia. Watumiaji na nywila zao hawamo ndani yake. Wachukue kwa pg_dumpall --globals-only.

Zamu ya Usiku
Nakubaliana na hoja ya faharasa, ila nisingeitupa pg_upgrade kwa sababu hiyo peke yake, kwani hata baada ya kuitumia unaweza kutoa amri ya REINDEX, inayojenga faharasa upya, kabla ya kuwafungulia watumiaji. Hifadhidata ingekuwa na terabaiti kadhaa ningechagua njia hiyo. Kwa gigabaiti 60, hata hivyo, sioni faida ya kuhangaika kusimika programu ya 9.6 kwenye Debian 13, maana pg_upgrade huhitaji programu zote mbili, ya zamani na mpya, ziwe kwenye mashine moja.

Zima programu za matawi kabla ya kuanza, kwa kuwa pg_dump huchukua hali ya data ilivyokuwa ilipoanza, na muamala utakaoingia baada ya hapo hautahama. Ukimaliza kupakia, endesha vacuumdb --all --analyze-in-stages ili seva ikusanye takwimu za kupangia utafutaji wake, la sivyo Jumatatu asubuhi utaambiwa kwamba seva mpya ni nzito kuliko ya zamani.

Mtunza Seva
Ahsanteni sana. Nimefanya jaribio kwa pg_dump yenye mikondo minne inayofanya kazi kwa pamoja, na kazi yote, pamoja na kujenga faharasa, imechukua chini ya saa tatu. Namba zetu za uanachama zina vistari katikati, kwa hiyo mtego alioutaja Fundi ungetunasa sisi hasa. Limebaki tatizo moja: akaunti zote zilizohamishwa zinakataliwa kuingia, ingawa nywila hazikubadilika.

Fundi wa Zamani
Nywila zako zimehifadhiwa kwa mtindo wa zamani wa usimbaji, md5, ilhali pg_hba.conf (faili ya kanuni za kuingia) ya seva mpya inadai scram-sha-256, mtindo ambao umekuwa chaguo-msingi tangu toleo la 14. Andika md5 kwenye mstari husika kwa muda. Neno hilo hupokea nywila za mitindo yote miwili. Kisha hakikisha kwamba viunganishi vya programu za matawi vinauelewa mtindo huo mpya wa SCRAM, ndipo uwawekee watumiaji nywila upya mmoja baada ya mwingine. Seva ya zamani iache ilivyo, ikiwa imezimwa, hadi mfunge hesabu za mwezi.