Miguu ya mota ya 132M ndani ya kabati finyu: bolti za upande wa ukutani hazifikiki

Swali kutoka kwa bapa_na_kona

Wakuu, naombeni msaada wa mpangilio wa kazi kabla mota haijaingia.

Mota ni ya kW 7.5, pole nne, fremu 132M (katikati ya shafti iko mm 132 juu ya besi) ya chuma cha kusubu. Miguu yake ni ya kufungua, inafungwa kwenye fremu kwa bolti. Inaendesha pampu kwa kaplingi (kiungio cha shafti mbili) na inakaa juu ya besi ya chaneli yenye unene wa mm 6. Mlango uko upande mmoja tu, kwa hiyo mota inaingia kwa ubavu. Ikishakaa, upande wa pili kati ya mguu na ukuta wa kabati inabaki mm 60, na nyuma ya kifuniko cha feni inabaki mm 40. Juu kuna bomba: ndani humo mota hainyanyuki zaidi ya mm 20.

Bolti mbili za upande wangu hazina shida. Za ukutani mkono unafika kwa taabu, na chini ya chaneli haufiki kabisa kushika nati. Maswali:

1. Miguu ifungwe kwenye fremu nje, au iwekwe kwanza kwenye besi ndipo mota ishushwe juu yake?
2. Nati za ukutani nizishikeje?
3. Shimu (vipande vyembamba vya kusawazisha chini ya miguu) za upande ule zitawekwaje bila kuvuta mota nje kila mara?

---

Jibu la spana16

Miguu ifungwe nje, kwenye meza. Kwa nafasi ya mm 20 juu huwezi kushusha fremu ya kilo sabini na kitu juu ya miguu iliyokwisha kukaa ukapata mashimo ya pembeni. Ukitumia nguvu utaumiza meno ya fremu, na meno ya chuma cha kusubu yakishapasuka hayana msamaha.

Kuhusu nati: ziondoe kabisa kwenye hesabu. Chukua bapa la chuma la unene wa mm 12, upana mm 30, urefu mm 230. Toboa matundu mawili kwa drili ya mm 8.5 na upige tapu ya M10, yaani uchonge meno ya bolti. Umbali kati yake ni mm 178, kwa sababu ndiyo nafasi ya mashimo kwa urefu kwenye 132M. Kwa upana ni mm 216. Angalia vizuri hapa: miguu mingi ya 132 ina mashimo ya ziada ya 132S (fremu fupi), ambayo ni mm 140. Ukipima kwa jicho utatoboa la S.

Bapa hilo liingize chini ya chaneli kabla ya mota na ulishike kwa parafujo moja ya M6 katikati, kichwa kizame ndani ya chaneli ili mguu upite juu yake. Meno ya mm 12 kwenye chuma yanatosha M10, kwani kanuni ni angalau urefu sawa na kipenyo cha bolti. Usipige tapu kwenye chaneli yenyewe, mm 6 ni nyembamba mno.

Halafu bolti za M10x40 za daraja 8.8 zinaingia kutoka juu. Nunua zenye kichwa cha 16, siyo 17. Mm moja huko ndani ni mali.

---

Jibu la fila_sifuri_tano

Nakubaliana na bapa la spana16, ila bolti ya 40 haitaingia kutoka juu mota ikiwa imekaa. Fanya hesabu: shimo la mguu liko mm 108 kutoka katikati ya shafti, na mwili wa 132 una nusu kipenyo cha kama mm 130. Maana yake tumbo la mota linaning'inia juu ya shimo. Kutoka besi hadi tumboni hapo ni kama mm 60. Toa unene wa mguu, tuseme mm 15, unabaki na 45. Bolti ya 40 pamoja na kichwa chake cha mm 6 na kitu ni 46. Utaizungusha huko gizani mpaka uchoke.

Dawa ni kuzitia bolti kwenye mashimo ya mguu, pamoja na washa, kabla mguu haujafungwa kwenye fremu. Zivute juu mpaka kichwa kiguse tumbo, uzishike kwa mkanda wa karatasi. Ncha itabaki ndani ya unene wa mguu kwa zaidi kidogo ya mm 1, haitakwaruza besi mota ikiteleza. Pima kwenye mota yako, mapezi hutofautiana. Ncha ikichungulia chini, tumia M10x35: kwa mguu wa 15, washa, shimu za mm 2 na chaneli, bado inabaki na karibu mm 9.5 kwenye bapa. Ni mpakani, lakini kwa chuma laini siipendi. Ya 40 inapita bapa lote.

Telezesha mota juu ya bapa mbili za mm 3 zilizo ndefu kuliko besi, zipite pembeni mwa mashimo. Ikifika, inua upande wako kwa mtarimbo, vuta bapa ya upande wako, kisha ile ya ukutani uivute kwa urefu wake kupitia mbele. Usipake grisi chini ya miguu ili iteleze, kwani ya upande wa ukutani hutaweza kuifuta, na shimu juu ya grisi nene hulegea baadaye.

Sasa shimu. Mguu ukifunguliwa na kurudishwa, usitarajie nyayo nne zikae sawa kama zilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo kabla ya kuingia, weka mota juu ya bamba nene lililonyooka na upitishe fila (majani membamba ya kupimia pengo) chini ya kila mguu. Zaidi ya mm 0.05, rekebisha hapo hapo mezani.

Ikishakaa ndani inaweza bado kucheza, maana besi nayo ina makosa yake. Hapa ndipo watu hung'ang'ana bure na upande wa ukutani. Mota yenye miguu minne ikiyumba, inayumba juu ya ulalo mmoja: kona mbili zinabeba, mbili zinaachia kwa zamu. Chora besi utaona kwamba kila ulalo una kona moja ya ukutani na moja ya upande wako. Basi mguu mmoja unaoachia uko upande wako daima. Bonyeza kona ya ukutani ikae, fila iingie chini ya mguu wako, jaza pengo hilo kwa shimu. Kuyumba kumekwisha bila kugusa ukutani. Mwinamo mdogo unaobaki utausahihisha kwenye kupanga kaplingi.

Tahadhari moja: fila ikiingia upande mmoja wa unyayo na kukataa upande mwingine, mguu umekaa mshazari. Shimu hazitibu hilo. Fungua, safisha rangi na kutu kati ya mguu na fremu, ndiyo sababu ya kawaida.

---

bapa_na_kona

Hesabu ya tumbo sikuifikiria kabisa, asanteni. Mguu wangu nimepima ni mm 14, bolti zimeingia na zinakaa juu vizuri.

Mawili yamebaki. Kukaza za ukutani: spana ya torki haiingii. Na kusogeza mota kulia na kushoto wakati wa kupanga kaplingi, kwa sababu bolti ya kusukumia naweza kuiweka upande wangu tu.

---

spana16

Kukaza: spana ya pete ya 16 yenye racheti ya meno 72. Inahitaji nyuzi 5 tu za kuzunguka, pete ya kawaida ya pembe 12 inataka 30. Mpini ulale sambamba na ukuta. Kwa torki ya mwisho tumia kichwa cha mdomo wazi kinachochomekwa kwenye spana ya torki. M10 ya 8.8 ikiwa kavu, lenga Nm 45. Kichwa kikiwa nyuzi 90 na mpini, weka 45 hiyo hiyo. Kikiwa kimenyooka na mpini, kinaongeza urefu: mpini wa mm 350 na kichwa cha mm 50, unaweka 45 × 350 ÷ 400, yaani kama 39. Meno yakiwa na mafuta punguza zaidi, vinginevyo utairefusha bolti.

Kusogeza: shimo ni mm 12 na bolti ni mm 10, kwa hiyo una mm 1 kila upande. Anza mota ikiwa karibu nawe mm 1 kuliko inavyotakiwa, halafu sukuma tu kuelekea ukutani, robo mzunguko kwa robo. Ukipitiliza, hakuna cha kuivuta ila mtarimbo. Bolti za ukutani ziwe zimebana kwa mkono tu wakati huo, zako zishike kidogo.

---

Jibu la hewa_kwanza

Mmeishughulikia miguu, mmesahau mm 40 za nyuma. Feni inavuta hewa kupitia wavu wa kifuniko, na kipimo kinachotumika sana ni kuacha angalau robo ya kipenyo cha tundu la kuingizia hewa. Kama tundu lako ni mm 200, unahitaji mm 50. Na hata hewa ingetosha, kifuniko cha feni kinatoka kwa kuvutwa nyuma moja kwa moja. Kwa mm 40 hakitatoka, na siku bering ya nyuma ikilia utang'oa mota nzima.

Ukuta wa nyuma ukatwe dirisha kubwa kidogo kuliko kifuniko, ufunikwe na wavu wa kufungwa kwa parafujo. Kata kabla mota haijaingia, unga wa chuma usivutwe na feni. Siku hiyo hiyo geuza kisanduku cha waya kitazame mlangoni, kama aina yako inageuka, na waya wa ardhi ufungwe kwenye alama yake mwilini mwa mota. Usitegemee bolti za miguu, chini yake kuna rangi.

---

bapa_na_kona

Tundu ni mm 190, nakata dirisha kwanza.