Ameacha kuruka na paraglaida baada ya kuvunjika mgongo: vifaa, mwili na mambo ya nyumbani

KakaMkubwa:
Wakuu, salaam. Nauliza kwa niaba ya mdogo wangu. Ni rubani wa paraglaida, yaani bawa la kitambaa lisilo na injini linalombeba mtu kwa kamba, anarukia Iten kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Bawa lilimkunjikia upande mmoja akiwa karibu na mteremko, akarusha parashuti ya akiba, lakini alikuwa chini mno ikafunguka nusu. Alifika ardhini kwa makalio. Pingili ya L1 (ya kwanza ya kiuno) imepasuka, amewekwa skrubu na vyuma, miguu iko sawa. Sasa ni wiki ya saba na anatembea na mkanda wa mgongo.

Uamuzi ameshaufanya mwenyewe: haruki tena. Ana mke na watoto wawili, wa mwisho ana miaka miwili. Sitafuti mtu wa kumbadilisha nia, natafuta utaratibu. Vifaa vyote vimerundikwa stoo: vipi vinauzika na vipi ni vya kutupa? Wenzake wanamwambia asiache kabisa, apunguze tu, aruke asubuhi hewa ikiwa imetulia. Lina ukweli hilo? Mtoto analia abebwe, na baba hajui kama anaruhusiwa. Halafu kuna bima ya maisha aliyokuwa akiilipia zaidi kwa sababu ya mchezo huu.

Fundi_Nyuzi:
Mpe pole mgonjwa. Mimi nashika ya stoo.

Helmeti usiuze wala usimgawie mtu. Povu la ndani hubonyea mara moja kunyonya kishindo na halirudi, na ganda la nje linaweza kuonekana zima kabisa huku ndani kumekwisha. Kata mikanda ya kidevuni kwa mkasi kabla ya kuitupa. Usipokata, wiki ijayo utaiona kichwani mwa abiria wa bodaboda.

Hanesi, kile kiti cha mikanda cha rubani, ndiyo iliyobeba pigo lenyewe. Kinga ya mgongo, iwe ya povu au ya mfuko wa hewa, huenda imepasuka mshono. Ubao wa kukalia huwa na ufa ambao hauonekani mpaka uutoe kwenye mfuko wake na kuukunja kidogo kwa mikono. Kishindo kilichopasua pingili mimi nahesabu kimemaliza hanesi pia. Kata mikanda mikuu, usibakishe. Karabina za alumini, pete zinazounganisha hanesi na bawa, nazo zitupwe: ufa mdogo hauonekani kwa macho, na watengenezaji wengi hata hivyo hutaka zibadilishwe baada ya miaka michache.

Parashuti ya akiba isomwe lebo kwanza. Ikiwa imepita miaka 10 tangu itengenezwe, haina mjadala, ikatwe. Ikiwa ni changa, ifunguliwe yote, itundikwe mahali pakavu pasipo jua angalau usiku mzima, ikaguliwe kipande kwa kipande na kamba kwa kamba. Huenda iliburutwa kwenye miiba, kwa hiyo tafuta vitundu karibu na mishono na pindo la chini. Iuzwe ikiwa wazi, mnunuzi aione, kisha afungiwe upya na mtu anayejua, na mipira mipya ya kubania kamba. Mipira ya zamani hugandana na kitambaa au hukauka ikakatika, na ndiyo sababu moja ya akiba kuchelewa kutoka. Kuifunga upya ni kila miezi 6 hadi 12, hata kama hujaigusa.

Bawa ndilo lenye pesa. Usiliuze bila karatasi ya ukaguzi. Karakana inayostahili kuitwa karakana hupima mambo matatu: hewa inapenya kitambaa kwa sekunde ngapi, urefu wa kila kamba ukilinganishwa na jedwali la kiwanda, na nguvu ya kamba, ambapo kamba moja ya mbele huvutwa mpaka ikatike. Tatizo la kawaida ni kamba za Dyneema (aina ya nyuzi za plastiki zenye nguvu) kusinyaa, hasa za nyuma ambazo hazibebi uzito mwingi. Za mbele zinabaki na urefu wake, za nyuma zinafupika, na bawa linaruka kana kwamba breki, yaani kamba za mkononi zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa, zimevutwa kidogo muda wote: ni zito kuinuka wakati wa kuanza, na likivutwa breki zaidi linaporomoka mapema kuliko rubani anavyotarajia. Kamba za aramidi (nyuzi za jamii ya Kevlar) hazisinyai hivyo, ila hudhoofika kwa kukunjwakunjwa na kwa jua.

Mnunuzi naye umwulize uzito wake. Namba iliyo kwenye lebo ya bawa, tuseme kilo 80 hadi 100, ni uzito wote unaoning'inia: mtu, nguo, hanesi, akiba, na bawa lenyewe. Vifaa peke yake hufika kilo 15 hadi 20. Mtu wa kilo 90 akiliona bawa hilo atadhani liko katikati yake, kumbe amepita juu. Na umwulize aliyemfundisha ni nani. Kijana anayetaka kujifunzia porini kwa video usimuuzie hata akiweka pesa mezani.

Bawa likikataliwa kwenye ukaguzi, mpe fundi cherehani. Nailoni yake inatoa mifuko mizuri ya sokoni, na Kenya mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo kazi ipo. Watoto wasilifanye kishada. Bawa la mita 25 za mraba likijaa upepo linamburuta mtu mzima.

UpepoWaBonde:
Hilo la "apunguze tu" ndilo ninalolipinga. Anayeruka mara tatu kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa kwa kila safari kuliko anayeruka kila wiki.

Bawa likikunjika upande mmoja, mwili wote unaangukia upande uliokunjika na bawa linaanza kuzunguka kuelekea huko huko. Rubani anatakiwa ahamishie uzito upande uliobaki wazi, avute breki ya upande huo kidogo tu kuzuia mzunguko, kisha ausukume nje upande uliokunjika kwa mvuto mmoja mrefu wa breki. Akivuta kidogo mno, anageukia mlimani. Akivuta kupita kiasi, anauporomosha na ule upande uliokuwa mzima. Hayo yote ni sekunde mbili, na mikono ndiyo inayokumbuka, si akili. Mikono isiyofanya hivyo kwa miezi minane inasahau.

Kuna na hili. Mtu aliyepunguza harukii siku nzuri, anarukia siku aliyopata ruhusa. Amesafiri kutoka Nairobi, Jumamosi ni moja, upepo unasumbua kidogo, na nyumbani ameahidi kurudi jioni. Hapo ndipo watu huruka siku ambayo mwenyeji wa Iten angekunja bawa akanywe chai.

Na "asubuhi hewa imetulia" kwa Kerio ni nusu ya habari. Msimu wa Desemba hadi Machi upepo hutoka mashariki na kuugonga ukingo wa Elgeyo, ndio huo wa Iten, uso kwa uso, na jua la asubuhi nalo linaupiga ukingo huo huo. Saa tatu pametulia kweli. Saa sita nguzo za hewa moto zinapanda kwa nguvu, zikivunjwavunjwa na miamba. Aliyeondoka saa tatu na nusu akafurahia, akajikuta bado yuko juu saa tano na nusu, hajarukia asubuhi tena huyo.

Tambach_Juu:
Mkuu, nakubaliana nawe nusu. Kupunguza kunawezekana, ila si kwa namna wanavyokutamka hao wenzake. Ni kushuka hadi bawa la daraja A la EN (kipimo cha Ulaya, A ndilo tulivu kuliko yote), kozi ya kukunja bawa makusudi juu ya maji na mwalimu akiwa redioni, kufanya mazoezi ya bawa ardhini kila wiki, na kukaa mbali na mteremko, kwa sababu akiba inahitaji makumi ya mita kufunguka na aliyebanana na mwamba hana mita hizo. Hayo yanakula muda wa familia kuliko kuruka kwenyewe. Huyu amesema basi. Wenzake wamwache. (Gharama ya gari la bondeni hugawanywa kwa vichwa, na kichwa kikipungua wengine wanalipa zaidi. Nasema tu.)

Dada_Viungo:
KakaMkubwa, mimi ni mtu wa tiba ya viungo. Neno la mwisho ni la daktari aliyempasua, lakini haya ni ya kawaida.

L1 iko pale ambapo mgongo wa mbavu, ulio mgumu, unakutana na kiuno kinachokunjika. Ukianguka kwa makalio, nguvu inapanda kutoka kwenye nyonga na kuishia hapo hapo. Skrubu na vyuma vinashikilia tu. Kinachopona ni mfupa, na huo huchukua kama miezi mitatu, wakati mwingine zaidi. Akivuta sigara ataongeza muda huo.

Mtoto wa miaka miwili ana kilo 11 hadi 13. Wiki ya saba hainuliwi kutoka chini, hata "mara moja tu". Kinachovunja si kilo peke yake. Ni kuinama na kujipinda huku umeshika uzito mbali na kifua. Baba akae kwenye kiti kigumu chenye mgongo, mtoto apande mwenyewe mapajani kwa kigoda, na akishuka ashuke kwa kigoda. Mama asimkabidhi mtoto baba akiwa amesimama. Kumwogesha mtoto kwenye beseni la chini ni marufuku kwa sasa. Beseni juu ya meza, sawa, ikiwa mtu mwingine ndiye anayeinua.

Kutoka kitandani: alale ubavu, magoti na mabega yageuke pamoja kama gogo, miguu ishuke, mikono isukume. Asikae zaidi ya nusu saa bila kusimama. Akipewa dawa kali za maumivu, aombe na ya kulainisha choo, kwa sababu kukamua choo kunauma mgongo kuliko kutembea.

Akishindwa kukojoa, akipoteza hisia sehemu za siri na mapaja ya ndani, au mguu ukianza kulegea, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Jambo ambalo watu husahau: waombe nakala ya ripoti ya upasuaji pamoja na vile vibandiko vya skrubu vyenye jina la mtengenezaji na namba. Ikitokea baadaye vyuma vitolewe, vifaa vya kufungulia hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Bila vibandiko daktari anabahatisha.

Karani_wa_Bima:
Kwa ufupi. Mkataba usomwe sehemu ya michezo ya hatari. Ikiwa kampuni ilimwongezea malipo, aandike barua yenye tarehe aliyoacha, aombe malipo yapitiwe upya, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wanaweza kutaka muda upite kwanza, na wanaweza kuuliza kuhusu jeraha. Asiandike "nimeacha" kama kuna hata Desemba moja anayoipigia hesabu moyoni. Akipata ajali hewani baada ya barua hiyo, kampuni inaweza kukataa dai kwa hoja kwamba alitoa taarifa za uongo, na atakayebaki mikono mitupu ni mjane. Asikatishe bima ya sasa mpaka mpya ithibitishwe kwa maandishi.

KakaMkubwa:
Asanteni sana. Shemeji ameongeza moja: mchana mume wake anatazama video za wenzake, usiku anashtuka jasho linamtoka, na akikasirika anasema, "Si nimeacha kwa ajili yenu?"

Mama_Ushauri:
Mwambie shemeji yako kushtuka usiku wiki za kwanza ni kawaida kwa mtu aliyeanguka. Ikipita mwezi na bado anashtuka, anakwepa kutaja Iten au hasira zinazidi, aonane na mshauri wa saikolojia. Wiki ya saba tayari ni wakati wa kuweka miadi. Wamtajie daktari na dawa anazokunywa, kwa sababu baadhi ya dawa za maumivu huharibu usingizi.

Hilo la "kwa ajili yenu" lishughulikiwe mapema, akiwa ametulia. Likiachwa, kila ugomvi wa ada ya shule utalipiwa kwa Kerio. Aseme sentensi iliyo kweli, yaani kwamba yeye hataki watoto wake wakose baba, na aiseme yeye kwa wenzake, kwa mdomo wake, akitaja na tarehe aliyoacha. Mke asitumwe kuwajibu kwenye simu wala asipewe ufunguo wa stoo. Akishakuwa askari wa stoo, mume anakuwa mfungwa, na wafungwa hutoroka.

Mtoto mkubwa aambiwe ukweli mfupi: baba alianguka, mgongo unapona, haruki tena. Ahadi ya "baba atakuwa kama zamani" isitolewe.

Video sizikatazi, ila kutazama saa tano kwa siku ukiwa umelala hakumsaidii. Mpunguzieni dakika kwa kumpa kazi inayotumia kichwa kile kile.

UpepoWaBonde:
Kazi hiyo ipo. Daktari akisharuhusu kuendesha gari, na dawa zinazoleta usingizi zimeisha, awe dereva wa kuokota marubani bondeni. Aanze na barabara ya lami ya Iten, Tambach, hadi Cheploch. Njia za mawe zisubiri mgongo. Anayejua kusoma mawingu juu ya vilima vya Tugen, ng'ambo ya bonde, akiwa chini na redio ni msaada mkubwa kwa walio juu, hasa wanafunzi. Sharti moja: asipande nao kileleni pa kurukia miezi ya mwanzo. Pale ndipo mtu humwazima bawa "dakika kumi tu".

Wengine huhamia ndege ndogo za rimoti zisizo na injini. Ukingo ule ule, upepo ule ule, na mtoto mkubwa anaweza kushika rimoti. Asiinamie kuiokota, mtoto aikimbilie.

Fundi_Nyuzi:
Basi redio na GPS visiuzwe, dereva atavihitaji. Betri zake za lithiamu zisiachwe stoo zikiwa tupu wala zikiwa zimejaa. Chaji ya nusu inatosha, mbali na paa la mabati. Mniletee lebo ya bawa, picha ya wazi, nikuambie kamba zake ni za aina gani kabla hamjalipia ukaguzi.