Pedeli ya breki inazama baada ya kubadili pedi, naomba ushauri
Wakuu habari zenu. Nipo Kigoma mjini, natumia Toyota IST. Breki za mbele zilianza kupiga kelele, chuma kwa chuma, nikapeleka gari gereji moja huku Mwanga. Fundi akabadili pedi. Diski akasema bado nzima. Tangu siku hiyo pedeli inazama karibu na sakafu, nikiipampu mara mbili tatu ndiyo inashika. Mafuta ya breki hayapungui, wala sioni yanapovuja. Nimerudi, naambiwa ninunue masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki. Mimi nahisi kuna upepo kwenye mfumo wa mafuta ya breki, fundi hakuutoa vizuri. Na ile miteremko yetu ya kushukia ziwani mnaijua! Kwa sasa nimelipaki, napanda bodaboda. Nianze kukagua nini kabla sijatoa hela ya spea?