Je, Wajapani hawapendi kushtakiana, au njia ya mahakamani ndiyo nyembamba?

Swali (Mwanafunzi wa Sheria)
Ndugu zangu, mwaka 1967 msomi wa sheria wa Kijapani, Kawashima Takeyoshi, aliandika kwamba Wajapani hukwepa mahakama kwa kuwa mtazamo wao kuhusu sheria unathamini maelewano kuliko haki ya mtu binafsi. Mwaka 1978 msomi wa sheria wa Marekani, John Haley, alimpinga. Ni nani kati yao mwenye ushahidi mzito zaidi?

Jibu (Mpekuzi)
Kwangu mimi ni Haley. Alionyesha kwamba, kwa kuzingatia idadi ya watu, mashauri ya madai yalikuwa mengi zaidi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kuliko baada yake, jambo ambalo hoja ya mila haiwezi kulieleza. Alichokiona yeye ni uhaba wa majaji na mawakili. Na kwa miongo kadhaa mtihani wa kitaifa wa sheria, uliokuwa mlango wa kazi hizo, ulipitisha watu wapatao 500 tu kwa mwaka.

Jibu (Bi. Salma)
Ndugu Mpekuzi, uhaba wa majaji hauelezi yaliyotokea katika mji wa Minamata, Japani. Desemba 1959 kampuni ya Chisso, ambayo zebaki yake ilikuwa imewadhuru wavuvi na familia zao, iliwapa wagonjwa fedha za pole, yeni 300,000 kwa kila aliyefariki, kwa sharti kwamba hawatadai tena hata ikithibitika kuwa kiwanda ndicho chanzo. Miezi michache tu kabla ya hapo, daktari wa kiwanda alikuwa amemlisha paka wa majaribio aliyeitwa namba 400 majitaka ya kiwanda hichohicho, paka akapatwa na dalili zilezile za wagonjwa, na matokeo yakafichwa. Wagonjwa walifungua shauri mwaka 1969, huku wengi mjini, ambao riziki yao ilitegemea kiwanda, wakiwanunia. Na mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto ikayabatilisha makubaliano yale. Je, hayo tuyaite kupenda maelewano? Mimi nayaita kunyimwa ushahidi na kuogopa majirani.

Jibu (Mpekuzi)
Nakubali, Bi. Salma, ingawa woga huo haumrudishii Kawashima hoja yake. Kwa mwanafunzi wetu, kipimo kizuri cha hoja ya uhaba ni kipindi cha baada ya 2004, shule mpya za sheria zilipofunguliwa na mawakili wakaongezeka sana. Mashauri ya kawaida hayakuongezeka kwa kiwango hicho. Yaliyofurika ni ya wakopaji waliodai kurudishiwa riba waliyotozwa kupita kiasi, baada ya Mahakama ya Juu kutoa uamuzi uliowapa nguvu mwaka 2006.